Barua ya wazi kwa Kemi Badenoch: tuonyeshe kifungu chenyewe

Mheshimiwa Kiongozi wa Upinzani wa Uingereza,

Nakuandikia kutoka Leicester, kwa Kiswahili, ili na Waswahili wenzangu tunaolipa kodi na kupiga kura katika nchi hii wasikie. Nianze na bili ya umeme: inaniuma mimi kama inavyomuuma jirani yangu. Hapo hatugombani.

Tunagombana kwa lile ulilotangaza Oktoba 2025, kwamba mkirudi madarakani mtaifuta Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2008, inayoitaka serikali ipunguze gesi joto, yaani gesi zinazoipasha dunia joto. Siku hizi mada hii ikitajwa bungeni ni kuzomeana tu. Labour wanasema mmeikimbia sayansi. Nyinyi Conservative mnasema Ed Miliband, waziri wa nishati wa Labour, anaifilisi nchi.

Haikuwa hivi. Muswada ule uliposomwa mara ya tatu, tarehe 28 Oktoba 2008, theluji ilikuwa inaanguka London, jambo la nadra kwa mwezi huo, na Peter Lilley wa chama chenu, aliyeupinga muswada, hakukosa kuwakumbusha wenzake. Kura zikahesabiwa: 463 za ndiyo, 3 za hapana. Conservative walikuwa upinzani kama mlivyo leo, David Cameron akiwaongoza, na wakaiunga mkono serikali ya Labour. Lengo la 2050 lilikuwa kupunguza gesi joto kwa asilimia 80. Aliyelipandisha mwaka 2019 hadi sifuri halisi, yaani kutotoa gesi joto kuliko zinazoondolewa hewani, ni Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo. Naye ni wa kwenu.

Unasema sheria ni ghali. Lakini sheria hii haipangi bei ya umeme. Inaitaka serikali iweke ukomo wa gesi joto kwa kila miaka mitano, kamati ya wataalamu ishauri, kisha Bunge liamue. Ukiona ukomo fulani ni mzito, simama na hesabu zako uupinge. Ukifuta sheria nzima, ubishi huo utaufanyia wapi? Tena bei ya umeme hapa mara nyingi huburutwa na bei ya gesi, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, sote tuliona ilivyopaa. Mwaka huohuo, Julai 19, joto lilifika nyuzi 40.3 kule Coningsby, Lincolnshire.

Wapo wanaosema mchango wa Uingereza katika uchafuzi wa dunia ni mdogo. Kwa leo, sawa. Makaa ya mawe yaliyochomwa hapa tangu enzi za viwanda vya kwanza je? Kituo cha mwisho cha umeme wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, kimefungwa juzi tu, Septemba 2024. Kwetu Zanzibar, akina mama wa Paje na Jambiani hushuka pwani wakati wa bamvua kufunga mwani kwenye kamba. Ule wa bei nzuri, cottonii, hunyauka maji ya kina kifupi yakipata joto. Wakitaka kuulima inabidi waende kina kirefu, na wengi hawajui kuogelea.

Ombi langu ni dogo. Kama kipo kifungu kinachotuongezea bili, kitaje kwa namba, ulete marekebisho bungeni, na wabunge wako wapige kura bila kuamriwa na mnadhimu wa chama.

Wako,
Mpiga kura wa Leicester