Wurtzel tunampunja

Ndugu Mhariri,

Elizabeth Wurtzel, Mmarekani aliyeanika maisha yake vitabuni, alifariki Januari 2020 kwa saratani ya matiti akiwa na miaka 52. Akitajwa kwenye kundi letu la wasomaji hapa Sinza, mazungumzo huishia kwenye ujana wake na dawa za kulevya. Tunampunja. Alikuwa na kasoro ya jeni ya BRCA, inayoongeza hatari ya saratani ya matiti na ambayo hurithiwa hata kwa baba, na aliandika kuhimiza watu wapime jeni hiyo.

Huku kwetu wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road uvimbe umeshakuwa kidonda. Shangazi yangu alificha chake chini ya kanga hadi harufu ikamuumbua. Hospitali za wilaya zipewe ultrasaundi na wataalamu wa kuchukua kinyama cha uvimbe kikapimwe, majibu yatoke kabla mgonjwa hajaishiwa nauli.

Msomaji wako,
Sinza, Dar es Salaam