Kuhusu maswali ya nyumbani ya juma hili

Ndugu wazazi, walezi na wanafunzi wetu wa Kidato cha Pili, habari za jioni.

Nimepitia picha zote za madaftari mlizotuma. Swali la daladala iliyoanza safari ikiwa imesimama pale Manzese, ikaongeza mwendo kwa usawa hadi mita 15 kwa sekunde ndani ya sekunde 10, likiuliza ilikwenda umbali gani, limewasumbua wengi. Wengi walizidisha 15 kwa 10 wakapata mita 150, kana kwamba gari lilikuwa na mwendo huo tangu sekunde ya kwanza, ilhali wastani wake ni mita 7.5 kwa sekunde, na umbali ni mita 75. Chora grafu ya mwendo na muda: eneo la pembetatu iliyo chini ya mstari, yaani nusu ya 10 mara 15, ni umbali uleule. Hapo ndipo jometri inapoifaa fizikia, nami naomba kila mtoto aione kwa mkono wake mwenyewe.

Katika swali la kutafuta x, 3(x − 4) = 2x + 5, kosa ni moja tu: 3 haikuzidishwa kwa 4. Jibu ni 17. Mkilirudisha kwenye mlinganyo, kila upande unatoa 39.

Wazazi, tafadhali msiwatajie majibu. Waulizeni wamefikaje hapo. Jumamosi saa 3 asubuhi kila mwanafunzi aje na mkebe wake wa vifaa vya jometri na karatasi za grafu.