Barua kwa mwanangu anayekwenda Tabora

Nkuhungu, Dodoma
Jumamosi usiku

Mwanangu,

Kila nikianza kulisema hili unanijibu "nimeelewa, mama" kabla sijafika katikati, kwa hiyo naliandika. Jumatatu unaondoka kwenda chuo cha reli, na tangu ulipokubaliwa silali vizuri. Kinachoninyima usingizi si nauli wala chakula. Ni hiyo tabia yako ya kutupa kitu kikishaharibika, usiku, watu wasikione.

Fungua mfuko wa pembeni wa begi. Kuna kopo la maziwa ya unga, na ndani yake kuna kile kichwa cha kitreni cha mfano ulichokiunda ukakitupa jalalani mwaka juzi. Nilikiokota. Bati la kopo la nyanya bado linasomeka maandishi kwa ndani, mota uliyoitoa kwenye simu mbovu inaning'inia kwa waya mmoja, na vioo vya plastiki vimeingia ukungu mweupe kwa mvuke wa supa gluu. Baba yako alikitazama mara moja tu akasema, "Hii si reli yetu, imetanua miguu." Ulinuna siku mbili. Ya tatu nikakukuta na rula na kikokotoo. Reli za ile seti ya Japani aliyokuletea mjomba zina upana wa milimita 9. Zidisha kwa 160, maana kwa kipimo chako kila kitu ni kidogo mara 160 kuliko cha kweli, unapata 1,440, karibu sawa na milimita 1,435 za SGR, ile reli mpya. Reli ya kati aliyoifanyia kazi baba yako ina upana wa mita moja, kwa hiyo kwa kipimo hicho ilihitaji milimita 6.25. Ndipo ukaagiza zile za 6.5, za vitreni vidogo zaidi vya 1 kwa 220. Hayo ungeyajuaje kama kichwa cha kwanza kisingekosewa? Na bado daftari lako linaanzia kwenye kichwa cha pili, cha kwanza hukukiandika hata mstari mmoja.

Sikatai kwamba najivunia. Pale Soko la Majengo kila ninayenunua kwake nyanya anajua binti yangu anatengeneza stesheni ya Dodoma inayoenea juu ya meza, na mataruma yake, vile vijiti vinavyolaliwa na reli, nimeyaona, kila moja jembamba kuliko njiti ya kiberiti. Mikono hiyo umeitoa kwa baba yako. Ubishi sijui umeutoa wapi.

Lakini lile la kitanzi limenikaa moyoni. Ulitaka treni igeuke irudi kwa njia ileile, reli ya kulia ikazunguka ikaungana na ya kushoto, chanya na hasi za umeme unaopita kwenye reli zikakutana, adapta ikaungua. Ukatuambia umeme umeyumba. Baba yako alikesha na soketi ya ukutani, amepiga magoti na goti lake lile bovu, tochi mdomoni. Baadaye ukakata reli zote mbili kila mwisho wa kitanzi, ukaweka swichi ya kugeuza umeme, na treni ikapita. Kazi safi kabisa. Ila mzee wa watu hukumwambia, mpaka leo anaisema ile soketi.

Mwanangu, kitreni kikianguka mezani unakiokota kwa vidole viwili. Huko unakokwenda utashika breki za treni yenye watu. Ulikuwa hujazaliwa Juni 24, 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwenye mwinuko wa Igandu ikagonga ya mizigo, wakafa watu 281. Tangu siku ile breki zikitajwa sebuleni baba yako hutoka nje. Kwa hiyo ukikosea bolti moja, sema. Sema siku hiyohiyo, kwa mkubwa wako, hata kama atakufokea mbele ya wenzako. Usingoje urekebishe kwanza ndipo useme.

Na ule ubao wa plaiwudi uliopinda, reli zikainuka kama nyoka. Ulijilaumu kwamba ulilehemu maungio yote bila kuacha nafasi ya chuma kutanuka. Ni kweli hukuacha, na baba yako alikuonyesha jinsi wao kwenye gangi, kundi la kutengeneza njia ya reli, walivyokuwa wakiacha. Lakini siku ile ubao ulilala juani toka saa nne hadi saa tisa. Nilitaka nafasi ya magunia ya alizeti, nikautoa, nikasahau. Jioni nilikuona unafumua reli moja moja huku machozi yanakutoka, nikaingia jikoni kusonga ugali. Basi ujue.

Mdogo wako ameapa hatagusa kitu isipokuwa kufuta reli kwa kitambaa chenye spiriti kila Jumapili, maana kwa vumbi letu hili wiki ikipita treni haisogei. Bati la jikoni litabadilishwa kabla ya mvua za Desemba kama alizeti ikipata bei. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha jana, mmoja dhaifu, namnywesha kwa chupa. Shuka mbili zile za maua ni zako, usimwazime mtu. Mlenda mkavu na karanga viko chini kabisa ya tranka. Karanga ule mapema kabla hazijachacha. Ukifika mpigie baba yako kwanza, mimi baadaye, na ukimpata muulize habari za ile soketi.

Ufunguo wa tranka nimeufunga kwa uzi ndani ya kopo, pamoja na kile kichwa.

Mama yako