Saba wakishikana duara

Mpendwa Zawadi,

Barua yako nimeipata, na swali lako la mwisho limenikaa kichwani wiki nzima: bakteria mdogo vile anaiuaje seli inayomzidi ukubwa mara nyingi? Umesema labda anaitafuna. Hapana. Wengi wanaitoboa, tena kwa mbali, bila wao wenyewe kuigusa.

Jana asubuhi nilifungua sahani ya agari yenye damu (agari ni jeli ya kuoteshea bakteria) ambamo bakteria waitwao Staphylococcus aureus walikuwa wameota usiku kucha. Agari yote ilikuwa nyekundu, isipokuwa kuzunguka kila kundi la bakteria, ambapo palikuwa na duara angavu. Niliinua sahani kwenye mwanga, nikaona vidole vyangu upande wa pili. Pale palikuwa na seli nyekundu za damu, na zote zimepasuka. Bakteria hawakufika hapo. Iliyofika ni sumu yao.

Sumu hiyo, alfa-hemolisini, ni protini ya asidi amino 293. Bakteria huimwaga molekuli mojamoja, nazo huyeyuka kwenye maji bila shida. Molekuli moja peke yake haitoboi kitu. Huelea mpaka inase kwenye utando wa seli, yaani ngozi nyembamba ya mafuta inayoizunguka, kisha wenzake huifuata. Wakitimia saba hushikana duara, na kila mmoja hukunjua mkono aliokuwa ameukunja kifuani. Mikono yote saba hushuka pamoja kupenya mafuta ya utando, ikawa ukuta wa bomba. Umbo lake lilichapishwa mwaka 1996, nalo ni uyoga mtupu: kichwa nje ya seli, bua ndani ya utando. Urefu wake ni kama nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na penye wembamba kabisa upana haufiki nanomita 2. Upande wa nje wa bua unapatana na mafuta, wa ndani unapatana na maji. Ndiyo maana likishakaa halitoki.

Utauliza, kitundu chembamba hivyo kina madhara gani? Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri, Zawadi. Uhai wa seli umesimama juu ya tofauti kati ya ndani na nje. Potasiamu ya ndani ni kama mara 30 ya iliyo nje. Kalsiamu ya nje ni kama mara 10,000 ya iliyo huru ndani. Seli hutumia nguvu nyingi kila dakika kulinda tofauti hiyo. Kitundu kikifunguka, potasiamu inavuja, chumvi na maji vinaingia, seli inavimba. Seli nyekundu haina uwezo mkubwa wa kujiziba, basi hupasuka.

Seli nyingine hupigana, na hili kila nikilisoma linanigusa. Kalsiamu inayoingia ndiyo kengele yenyewe. Seli huikata sehemu ya utando iliyotobolewa na kuitupa nje kama kipovu, au huimeza ndani ikaimeng'enye. Kinachoshangaza ni kwamba tundu kubwa mara nyingi huzibwa upesi kuliko dogo. Sumu ya bakteria streptokoki iitwayo streptolisini O hufungua tundu la nanomita 25 au zaidi, kalsiamu hufurika, na seli hujiziba ndani ya dakika chache. Kitundu cha alfa-hemolisini huingiza kalsiamu kidogo mno, kengele hailii sawasawa, na seli huweza kuhangaika saa nyingi. Mimi naona hicho kidogo ndicho hatari zaidi.

Sumu hizi za matundu makubwa zinahitaji kolesteroli kwenye utando, nazo huungana molekuli 30 hadi 50. Nyumolisini, ya bakteria wa nimonia, ni ya ukoo huo. Sehemu kubwa yake hutoka bakteria mwenyewe anapopasuka. Na usishtuke: perforini, ambayo seli zetu za kinga huitumia kuua seli zilizoingiliwa na virusi, ina sehemu iliyokunjwa kwa namna ileile. Silaha moja, mikono tofauti.

Sahani yenyewe jana jioni ilichemshwa kwa mvuke na kutupwa, kwa hiyo siwezi kukuonyesha lile duara. Nimekuchorea wale saba nyuma ya karatasi hii. Mkono niliopaka wino mweusi ndio unaopenya.

Wako akupendaye,
Neema