Mwenye gazeti aliyebuni boksi la mayai

Mhariri naomba nafasi, ukitaja ugunduzi wa Kanada watu wote wanakimbilia insulini, ile dawa ya kisukari ya Toronto ya 1921, sawa imeokoa wengi mno, ila mi nataka mumkumbuke na Joseph Coyle. Huyu alikuwa mwenye gazeti kule British Columbia, mwaka 1911 inasemekana mfugaji na mwenye hoteli walikuwa wanagombana sababu mayai yanafika yamepasuka, basi jamaa akakaa akabuni boksi la karatasi ambalo kila yai lina chumba chake, hayagongani. Mwanzoni maboksi hayo alikuwa anayatengeneza kwa mkono! Wazo lake limeenea dunia nzima lakini yeye hakutajirika nalo, inaniuma kwelikweli. Jamani nyie mko fani moja naye, mwandikieni hata nusu ukurasa.

Msomaji wenu, Morogoro