Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuzo kwa Marubani na Wahudumu wa Ndege

Ndugu wanachama, wazee wetu na vijana wetu, Assalaam alaykum.

Mambo ya kawaida nayapitia kwa haraka, kwani katibu na mshika fedha wameyaeleza kwa kirefu. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana. Wenzetu wa Pemba wamepata chumba cha kukutania Chake Chake. Waliotutangulia mbele ya haki tumewasomea khitma, Mwenyezi Mungu awarehemu. Ninalotaka tukae nalo ni la tuzo.

Mliiagiza kamati itunge utaratibu wa kuwaenzi wafanyakazi wa ndege waliookoa roho za watu wakati wa dharura. Tumebishana sana. Wapo waliotaka tuzo iende kwa rubani mkuu peke yake, maana yeye ndiye nahodha na dhamana ya chombo ni yake. Mimi nilikataa, na ni haki yenu kujua sababu.

Wengi humu mna jamaa Ngazija, kule Komoro, na ya tarehe 23 Novemba 1996 hamhitaji kusimuliwa. Ndege ya Ethiopia, Boeing 767, iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na watu watatu waliotaka ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaambia mafuta hayafiki huko, hawakusadiki. Akawa anaambaa na pwani ya Afrika, na walipomlazimisha aiache pwani aende bahari kuu, akaelekea Komoro. Mafuta yakamalizika, injini zikazimika, naye huku anapambana na mtekaji. Kiwanja kilimpotea machoni, akaiteremsha ndege majini karibu na ufukwe wa Galawa. Bawa la kushoto likagusa maji mwanzo, ndege ikakatika. Kati ya watu 175 walisalimika 50.

Leul alipewa tuzo ya Flight Safety Foundation, taasisi ya usalama wa safari za ndege, na aliistahiki. Lakini msaidizi wake, Yonas Mekuria, alipigwa akatolewa chumba cha marubani, na ndege ilipokuwa inashuka akarudi kumsaidia mwenzake. Nani atamtenga huyu? Tena abiria kadhaa walikufa kwa sababu walishazijaza upepo jaketi zao za kujiokolea ndani ya ndege. Maji yalipoingia jaketi ziliwapandisha darini, wasiweze kupiga mbizi kuufuata mlango. Kwa hiyo mhudumu anaposema "usivute kamba mpaka utoke nje", neno lake lina uzito sawa na mkono wa rubani. Sisi tunaovuka mkondo wa Pemba kila wiki tunalijua neno hilo, na tumelizoea hata hatulisikilizi.

Tazameni Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye njia ya kurukia ya Haneda. Watano kati ya sita wa ndege ile ndogo walifariki. Ile kubwa ilikuwa inawaka moto na mfumo wa matangazo umekufa. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao. Katika milango minane, mitatu tu ndiyo iliyofaa, wakawaamuru watu waache mizigo. Wote 379 walitoka hai, rubani mkuu wa mwisho. Sijaona ushahidi mkubwa zaidi ya huo kwamba kazi hii ni ya wengi.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya marubani, IFALPA, lina tuzo yake iitwayo Polaris, kwa umahiri usio wa kawaida wa urubani au kwa ushujaa. Polaris ni ile nyota ya kaskazini. Kwetu Unguja haionekani, imezama chini ya upeo, na hilo lilinigusa: sisi tuwe na yetu.

Hivyo kamati inapendekeza tuzo iwe ya kikosi kizima, kila jina liandikwe, na waliofariki wasisahauliwe. Isitolewe kwa habari za mitaani, isubiri ripoti ya uchunguzi. Na mtu asikose heshima kwa kuwa hakuna aliyeumia. Ndege iliyorudi salama kiwanja chetu cha Kisauni na injini moja imebeba umahiri uleule.

Pendekezo la pili ni langu binafsi. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na kiwanja cha Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43. Walifariki 19, marubani wote wawili wakiwamo. Waliofika mwanzo kuokoa ni wavuvi na mitumbwi yao. Naomba tuwe na heshima ya pembeni kwa watu wa namna hii. Nungwi na Mkoani wamejaa, nasi tunaishi kwa hisani yao.

Jengine. Bibi mmoja mwanachama wetu, mhudumu mstaafu, amezunguka skuli tatu na jaketi moja kuukuu. Anamvalisha mtoto, anamkalisha kitini, anamuuliza: "Sasa unavuta?" Darasa zima linajibu "Bado!" Naomba mkutano umnunulie jaketi nyengine, ile imeshachanika shingoni.

Kura zitapigwa Unguja na Chake Chake siku moja. Fundi wa shaba ameshaleta sampuli ya kisahani cha tuzo, mtaikuta mezani. Alikuwa ameacha mstari mmoja wa jina. Nimemrudishia, nimemwambia apanue nafasi majina yote yaenee.