Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu wa watoto wenye kifafa,

Shughuli za kawaida mnazijua. Mikutano ilifanyika, Siku ya Zambarau, yaani siku ya kuelimisha watu kuhusu kifafa, ya tarehe 26 Machi tuliiadhimisha Tononoka, Mombasa, na wagonjwa wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe walitembelewa.

Lililozua maneno ni uamuzi wa kamati wa kutoa Sh48,000 katika mfuko wa dharura ya dawa ili kumlipa mshauri nasaha anayekaa na vijana wetu bila ya wazazi kuwapo. Wapo waliosema kwamba mtoto mwenye kifafa anahitaji dawa, si mazungumzo. Pendekezo hilo nililipeleka mimi, na leo ningelipeleka tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila ya kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Lakini kijana asiyeanguka naye huweza kujifungia chumbani na kuacha shule kwa kuwaonea haya wenzake. Hasira na huzuni zake si utovu wa adabu wala si mashetani: nyingine hutokana na ugonjwa wenyewe ubongoni, nyingine na dawa za kifafa kama fenobabitoni au levetirasetamu, na nyingine na kutengwa.

Mama mmoja wa Kisauni alikuwa akiandika daftarini siku za kuanguka tu. Mshauri alimchorea safu mbili zaidi, ya usingizi na ya hasira, ikaonekana wazi kwamba mwanawe alianza kuvunja vyombo baada ya kubadilishiwa dawa. Daftari lilipofika kliniki, daktari aliibadilisha dawa hiyo. Bila ya daftari hilo huenda mama angemwachisha dawa mwenyewe, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, yaani mtukutiko unaoendelea bila ya kukoma, ambao huweza kuua.

Linalonisikitisha ni kuwa wengi wa wanaolalamika hawakuwapo uamuzi ulipopitishwa. Kati ya wanachama 64 walihudhuria 19. Ada ya Sh100 kwa mwezi imekamilishwa na 22, na mfukoni zimebaki Sh31,500. Kina baba, hasa, tunawaona kwenye orodha tu.

Mwakani tunatarajia, Inshallah, kuendeleza vikao vya vijana, kuonana na walimu wakuu na kupata mfadhili. Malimbikizo ya ada yapokelewe na mweka hazina kabla ya uchaguzi, kwani katiba yetu haimruhusu mwenye deni kupiga kura.

Mwenyekiti